Arobaini na Saba

Alhamisi. Theluji imekoma, lakini barabara za Altoona
bado zina chumvi inayokula viatu vyangu.
Nampa Bwana Dengler vidonge vyake vitano,
nampima presha, naandika daftarini.
Kisha anasema, kama kila Alhamisi:
"Siwema, twende chini."

Ngazi kumi na tatu. Mkono wake begani mwangu
mzito kama mfuko wa unga uliolowa.
Chini kuna harufu ya mafuta na ngozi kuukuu,
na tanuri linalokoroma peke yake.
Ufunguo wa kabati anautunza shingoni,
pale wenzake wa umri huo wanapovaa msalaba.

Anazijua kwa kupapasa. Hii Walther, ya vita vya pili,
ilikuja na baba yake ndani ya gunia la soksi.
Hii Mauser, mpini wake kama wa ufagio;
anacheka kila akisema hivyo, nami nacheka kila akicheka.
Ya mwisho imelala juu ya flana nyekundu:
Luger, ya mwaka wa kumi na sita.

Macho yake yameingia ukungu. "Soma," ananiambia.
Nashika kioo cha kukuzia.
Mtutu: arobaini na saba.
Fremu: arobaini na saba.
Kifyatulio, chenye rangi ya nyasi kavu: arobaini na saba.
Hata kipande cha ndani, ambacho jicho halikifikii
mpaka uivue nguo zote: arobaini na saba.
Anafumba macho kama anayesikiliza nyiradi.
"Watoto wa tumbo moja," nasema kwa Kiswahili.
Haulizi maana yake.

Ila magazini. Magazini ni ya kumi na mbili,
mtoto wa kambo aliyeokotwa njiani,
na kwa ajili yake mzee amezunguka miaka thelathini na moja
kumbi za Ohio, mabanda ya Maryland,
meza baada ya meza, akiinua, akisoma, akirudisha.
Mkewe Lorraine alimuuliza: umenioa mimi, au namba?
(Goti lake la kushoto ni la titani, meno ni ya duka.
Nikimwogesha nawaza: mzee wangu, mbona wewe mwenyewe hulingani.)

Nami nina namba yangu. Nilimwambia mara moja, akasinzia.
Baba wa bibi yangu alibeba masanduku ya risasi,
kwanza ya Mjerumani; akatekwa, akabeba ya Mwingereza,
mzigo uleule, matusi ya lugha nyingine.
Walimtundika kibati shingoni. Kibati kilipotea.
Nimezaliwa Kariakoo, nimenunua nyanya Kariakoo,
ukubwani ndipo nikaambiwa jina lile limetoka kwa nani:
kwa wabebaji, waliopewa namba wasipewe kaburi.

"Hii ilikuwa wapi mwaka huo?" niliwahi kumuuliza.
"Ubelgiji, labda. Labda haikutoka ghalani."
Labda. Niligeuza chuma. Hakikuwa na la kunisimulia.

Leo kuna kifurushi kutoka Indiana.
Mikono yake inatetemeka, mkasi nashika mimi.
Magazini, kitako cha mbao. Arobaini na saba.
Amelipa dola mia tisa.
Nasogeza taa. Ile nne imezeeka, kingo zimelainika,
lakini saba ina kingo kali, mbao ndani yake bado changa.
Imezaliwa juzi.

"Je?"
Treni ya mizigo inapita, vioo vya dirisha vinatetemeka.
Nangoja mabehewa yaishe. Hayaishi.
"Arobaini na saba," nasema. Si uongo. Ndivyo ilivyoandikwa.

Anaichukua. Anapitisha ukucha wa kidole gumba
juu ya namba. Tena, polepole.
Miaka arobaini alikuwa fundi wa karakana ya reli;
ukucha ule ulipima vyuma mimi sijazaliwa.
Hasemi kitu. Anaisukuma ndani. Inaitika: ka.
"Imeingia vizuri," anasema.

Tunapanda. Ngazi ya nane anasimama, anatafuta pumzi.
"Yule babu yako, mwenye kibati. Namba yake ngapi?"
"Hatujui."
Anatikisa kichwa. Ngazi ya tisa. Ya kumi.
"Endelea kutafuta," anasema,
"ila usinunue kwa posta."